Wachunguzi wa Sheria za Kale, Huko Ulaya na Huku Kwetu

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya mpunga, sisi tunaofundisha hapa Mirongo tuliitwa katika kijiji kimoja cha upande wa Magu kusaidia kusoma karatasi mbele ya baraza la ukoo. Marehemu alikuwa ameacha mjane, watoto wanne, nyumba ya bati, ng'ombe wachache na shamba. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mkuyu. Mjane naye alikaa mbali kidogo juu ya mkeka, pamoja na wanawake wenzake. Mzee mmoja alitoa mfukoni karatasi zilizopigwa chapa, zimechakaa pembeni, akatupa akisema, "Mwalimu, tusomee hapo. Hii ndiyo sheria ya mababu zetu tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mjane hana fungu."

Tulisoma. Na kweli, maneno yalikuwamo: mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa zake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Lakini tulipotazama juu ya karatasi tuliona mwaka: 1963. Hapo tukashikwa na fikira ambayo haijatuacha mpaka leo. Sheria ya tangu kuumbwa kwa ulimwengu, nayo imepigwa chapa mwaka 1963! Nani aliiandika? Alimwuliza nani? Na kabla haijaandikwa ilikuwaje?

Basi leo twataka kueleza habari za watu ambao kazi yao ni kuuliza maswali kama hayo. Huko Ulaya wako wataalamu ambao maisha yao yote huyatumia katika kuchungua sheria za zamani, zilikotoka, zilivyobadilika, na nani alizibadili. Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana, kama mtakavyoona, maana elimu hiyo imefika mpaka vijijini mwetu, nayo imeingia katika nyumba za wajane.

Tuanze na Wafaransa. Zamani katika nchi yao kila jimbo lilikuwa na desturi yake, hasa upande wa kaskazini, wala desturi hizo hazikuandikwa zote. Watu wawili walipogombana mbele ya hakimu juu ya urithi, naye asijue desturi ya mahali pale, walikusanywa wazee wakaulizwa. Watu kumi waliokubaliana neno moja walihesabiwa kuwa shahidi mmoja. Msomaji ataona kwamba jambo hilo halikuwa mbali na baraza letu chini ya mkuyu. Lakini lilikuwa na shida zake: lilichukua siku nyingi, lilikula fedha nyingi, na wazee waweza kusahau au kumpendelea mtu. Kwa hiyo mwaka 1454 mfalme Charles wa Saba aliamuru desturi zote ziandikwe. Kazi ilikwenda polepole mno. Desturi ya Paris iliandikwa mwaka 1510, ikatengenezwa tena mwaka 1580. Katika kuandika, waliitwa makasisi, wakuu wenye ardhi na watu wa mijini. Yaliyosomwa yakakubaliwa yaliandikwa, na yaliyobishaniwa yalipelekwa mbele ya mahakama kuu. Baadaye, mwaka 1804, Napoleon alitoa kitabu kimoja cha sheria kwa nchi nzima, na desturi za majimbo zikaisha nguvu.

Kwa Wadachi nako palikuwa na mtu mmoja, askari wa farasi, jina lake Eike von Repgow. Katika miaka iliyo kati ya 1220 na 1235 aliandika desturi za watu wake katika kitabu alichokiita Kioo cha Wasaksoni, kwa kuwa alitaka watu wajione humo kama mtu ajionavyo katika kioo. Hakutumwa na serikali. Aliandika yale aliyoyajua. Hata hivyo, baada ya miaka si mingi, mahakimu walikishika kitabu chake kana kwamba kimetolewa na mfalme. Hapo pana fundisho la kwanza: neno likiisha kuandikwa hupata nguvu ambayo mwandishi wake pengine hakuitazamia. Kioo huonyesha uso wa mtu siku ile anapojitazama tu, lakini kitabu huushika uso ule ule kwa miaka mia nyingi.

Elimu yenyewe ya historia ya sheria ilipata nguvu kubwa katika Ulaya baada ya mwaka 1800. Mwaka 1814 wataalamu wawili wa Kidachi walishindana kwa maandiko. Thibaut, mwalimu wa Heidelberg, alisema yafaa Wadachi wote wapate kitabu kimoja cha sheria upesi. Savigny, mwalimu wa Berlin, alikataa. Alisema sheria haitungwi kama mtu anavyojenga kibanda kwa siku moja. Yakua pamoja na watu wake, kama lugha yao inavyokua. Kwa hiyo kwanza ichunguzwe ilikotoka, ndipo iandikwe. Wadachi walipata kitabu chao kimoja mwaka 1900, yaani karibu miaka 86 baada ya shindano lile.

Mwanafunzi mmoja wa Savigny alikuwa Jacob Grimm. Wengi wetu twamjua kwa hadithi za watoto alizozikusanya na ndugu yake Wilhelm, lakini Grimm alikuwa pia mchunguzi wa sheria. Mwaka 1828 alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo ya kale ya sheria za Wadachi, na kuanzia mwaka 1840 akatoa mikusanyo ya maneno ya wazee wa vijiji. Maana zamani katika vijiji vya Wadachi palikuwa na siku maalum za baraza. Wazee waliulizwa, "Haki ya kijiji hiki ni ipi? Njia ya maji ni ya nani? Msitu ni wa nani? Bwana wa nchi aweza kudai nini?" Nao walijibu mbele ya watu wote, majibu yakaandikwa. Grimm alizikusanya karatasi hizo kama mtu aokotaye kuni jioni kabla ya mvua.

Lakini waliokuja nyuma yake walipozisoma karatasi zile kwa uangalifu, waliona jambo jingine. Mara nyingi aliyeuliza alikuwa bwana wa nchi mwenyewe, au karani wake, na maswali yalikuwa yake. Wazee walijibu waliloulizwa, wasiloulizwa halikuandikwa. Basi ile iliyoitwa sauti ya kijiji ilikuwa mara nyingine sauti ya kijiji iliyopita katika kinywa cha mwenye nguvu. Hilo ni fundisho la pili, nalo tunaomba msomaji aliweke moyoni mpaka mwisho.

Waingereza nao walimpata mtu wao, Frederic William Maitland, aliyezaliwa mwaka 1850 akafa mwaka 1906. Alikuwa mwanasheria wa London, akaacha kazi ile akawa mwalimu katika Cambridge mwaka 1884. Aliyemtia moyo sana alikuwa rafiki yake Paul Vinogradoff, Mrusi, aliyekuja Uingereza kusoma hati za kale za Waingereza. Ajabu hiyo! Mgeni wa mbali anakuja kufungua vumbi la nyumba ya mtu, na mwenyeji ndipo anaposhtuka kwamba ana hazina. Maitland alisaidia kuanzisha chama cha kupiga chapa hati za mahakama za zamani mwaka 1887, na mwaka 1895 akatoa, pamoja na mwenzake Pollock, historia ya sheria ya Kiingereza ambayo wataalamu wangali wakiisoma.

Na tusidhani kwamba sheria za kale za Ulaya zilikuwa za haki kuliko zetu. Katika Uingereza, hata nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, mali nyingi za mwanamke aliyeolewa zilikuwa chini ya mkono wa mumewe, hata alizopata kwa jasho lake. Sheria ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa mke haki ya kushika mali yake mwenyewe. Na mpaka mwaka 1925 mtu aliyekufa pasipo wosia, ardhi yake ilimwendea mwanawe wa kiume wa kwanza, dada zake wasipate kitu. Hizo nazo ziliitwa desturi za kale, za mababu. Zilibadilishwa, wala Uingereza haikuzama baharini.

Sasa tuje kwetu. Wadachi walipoitawala nchi hii, wataalamu wa Berlin walitaka kujua sheria za watu weusi. Mkubwa wao alikuwa Josef Kohler, mwalimu wa sheria katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka 1897 alitoa karatasi ya maswali, ikapelekwa katika makoloni: ndoa hufungwaje, mahari ni nini, mtoto ni wa nani, nani hurithi, mwuaji hulipa nini. Maofisa na wamisionari walijibu, na majibu yakarudi Ulaya. Kohler aliandika mengi juu ya sheria za Wabantu, lakini hakukaa chini ya mti wo wote katika nchi yetu kusikiliza baraza. Aliketi Berlin akasoma.

Wengine walifanya zaidi. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alikaa Uchagani miaka mingi, akakijua Kichaga, akasikiliza wazee, na mwaka 1926 akatoa kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga. Na wenyeji nao hawakulala. Katika Bukoba, Francis Lwamgira aliandika kwa Kihaya habari za Kiziba na wafalme wake, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Huko Uchagani Petro Itosi Marealle alitoa mwaka 1947 kitabu cha Kiswahili juu ya maisha ya Mchaga. Wazee hao waliona mapema ukweli wa methali isemayo, mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini aliyeandika sheria za nchi zetu za Ziwa kuliko wengine wote alikuwa Bwana Hans Cory. Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1888, na jina lake la kwanza lilikuwa Koritschoner. Alikuja Afrika ya Mashariki, akaishi katika mashamba, akajifunza Kiswahili hata akapenda mashairi yake, akayakusanya. Serikali ya Kiingereza ilimfanya mchunguzi wake wa mila na desturi. Mwaka 1945 alitoa, pamoja na Bwana Hartnoll, kitabu cha sheria za Wahaya; mwaka 1951 kitabu juu ya mtemi wa Kisukuma na sherehe za kutawazwa kwake; mwaka 1953 kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma; tena akaandika sheria za Wanyamwezi. Karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwanafunzi aweza kwenda kuzisoma.

Njia ya Cory ilikuwa kama ile ya Wafaransa wa zamani. Aliwakusanya watemi na wazee, akawauliza jambo kwa jambo, akaandika, kisha yaliyoandikwa yakazungumzwa. Hatumlaumu kwa kazi yake. Bila yeye mambo mengi yangalikufa pamoja na wazee. Katika kitabu chake Msukuma wa leo aweza kuona jinsi ng'ombe wa mahari walivyokuwa kiungo cha nyumba mbili, na jinsi mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe alivyohesabiwa wa ukoo wa mama yake. Lakini tukumbuke lile fundisho la pili. Waliokaa katika vikao vile ni watemi na wazee wanaume. Mjane hakuitwa. Binti hakuitwa. Kijana aliyekwenda kufanya kazi Geita dhahabuni hakuitwa. Desturi iliyoandikwa ilikuwa desturi kama inavyoonekana kutoka katika kiti cha mwenye ng'ombe.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ilitaka kuziunganisha desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ili hakimu wa Mwanza na hakimu wa Singida wahukumu kwa kanuni moja. Nia ilikuwa njema, ya kujenga taifa. Cory aliianza kazi hiyo, lakini akafa mwaka 1962, na wengine wakaimaliza. Mwaka 1963 sheria za desturi zilitangazwa kwa amri mbili katika gazeti la serikali: ya kwanza juu ya ndoa, mahari, talaka na watoto, ya pili juu ya ulinzi wa watoto, urithi na wosia. Hizo ndizo karatasi alizotoa mzee wetu mfukoni.

Na humo, ndugu wasomaji, mna jambo ambalo wazee wengi hawalisomi. Kanuni za mahari za mwaka 1963 zasema kwamba kutoa mahari si sharti la ndoa kuwa halali. Fikirini! Zamani kwa Msukuma ng'ombe ndio waliomfanya mtoto awe wa babaye. Kwa mstari mmoja wa chapa, desturi kubwa kuliko zote ikabadilishwa. Basi karatasi zile si kioo cha mababu tu. Penye desturi mbili, moja ilichaguliwa na moja ikaachwa. Na penye desturi iliyoonekana haifai, ilirekebishwa. Walipofika kwa mahari walithubutu kubadili. Walipofika kwa mjane hawakuthubutu. Aliyesema yote yametoka kwa mababu hajaisoma sheria. Ameshika karatasi tu.

Jambo hilo halikubaki katika vitabu. Katika Kagera palikuwa na mwanamke wa Kihaya, mzee, aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake alimshtaki, akisema kwamba kwa kanuni za mwaka 1963 mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ilimpa haki yule kijana. Mahakama ya wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu. Na rufaa ikaja hapa Mwanza, katika Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mwalusanya. Mwaka 1990 jaji alihukumu kwamba Katiba, ambayo iliongezewa haki za binadamu mwaka 1984, imekataza ubaguzi, na desturi inayombagua mwanamke haiwezi kusimama mbele yake. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume anavyouza. Na mtu wa ukoo akilitaka shamba na alikomboe kwa fedha ile ile aliyotoa mnunuzi. Tazameni hekima ya hukumu hiyo: haki ya mwanamke ilisimama, na mlango wa ukoo haukufungwa.

Lakini njia haikunyooka baada ya hapo. Wajane wawili wa upande wa Shinyanga, waliofiwa na waume zao wakatakiwa na jamaa za waume wayaache makao yao, waliiomba Mahakama Kuu itangaze kwamba kanuni za urithi za mwaka 1963 zapingana na Katiba. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zile zabagua, lakini ikasema si kazi yake kubadili desturi kwa hukumu. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya tarehe katika hati. Wakalipeleka shauri lao mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba kanuni zile zafaa zirekebishwe. Basi miaka zaidi ya 50 baada ya karatasi zile kupigwa chapa, mambo ya mjane wa Shinyanga yalizungumzwa Geneva.

Kwa upande wa ardhi ya vijiji, sheria ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba desturi inayowanyima wanawake haki ya kumiliki, kushika au kutumia ardhi haina nguvu. Yafaa kila mwalimu awasomee watu wake kifungu hicho.

Sasa pengine kijana mmoja au binti mmoja anayesoma gazeti hili atauliza, "Mwalimu, mtu hufanyaje kuwa mchunguzi wa sheria za kale? Kazi hiyo huliwa?" Tutamjibu kwa kweli. Njia yake ni ndefu. Yampasa kwanza kumaliza shule ya sekondari, kisha kusoma sheria au historia katika chuo kikuu, kisha shahada ya pili, kisha udaktari, ambao peke yake huchukua miaka kadhaa ya kuandika kitabu kimoja. Kwa Wadachi, kwa desturi yao ya zamani, anayetaka kuwa profesa huandika kitabu cha pili kikubwa tena. Anayechungua sheria za Ulaya hujifunza Kilatini, maana sheria za Warumi, ambazo Kaisari Justinian alizikusanya kati ya mwaka 529 na 534, na sheria za Kanisa la zamani, zote ziliandikwa kwa lugha hiyo. Hujifunza pia kusoma mwandiko wa kale, ambao mara ya kwanza waonekana kama nyayo za kuku mchangani. Nafasi za kazi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Wako waliofundisha kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja hata mvi zikawaota. Anayetaka utajiri na atafute kazi nyingine.

Hata hivyo, milango ipo. Huko Frankfurt, katika Ujerumani, iko taasisi kubwa ya uchunguzi iliyofunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya historia ya sheria za Ulaya. Mwaka 2021 jina lake lilibadilishwa, likaacha kutaja Ulaya peke yake, likawa la historia ya sheria na nadharia ya sheria. Badiliko hilo latufundisha: kumbe hata wao wameona kwamba mambo ya Ulaya hayaelezeki vema bila ya Amerika, Asia na Afrika, ambako sheria zao zilipelekwa kwa merikebu. Na huku kwetu, kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Bibi Julie Manning, alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Mwingine katika walimu wa chuo kile, Barthazar Rwezaura, alichungua desturi za ndoa na jamaa za Wakuria, akatoa kitabu mwaka 1985 kinachoonyesha jinsi zilivyobadilika kwa fedha, kwa serikali na kwa wakati. Hakuuliza desturi ni nini tu. Aliuliza imekuwaje hivyo, na nani amefaidika. Na hapa Mwanza penyewe, katika chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, vijana wasoma sheria wakitazama maji ya Ziwa.

Tena kazi ya kwanza haihitaji shahada. Kuna wazee katika kila kijiji wanaojua jinsi mashauri yalivyokatwa mbele ya watemi, kabla utawala wao haujakomeshwa mwaka 1963. Wachache wao wangali hai. Kuna majalada ya mahakama za mwanzo yanayoliwa na mchwa. Kuna Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement aliweka akiba ya mambo ya Wasukuma yasipotee. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu aweza kwenda kwa bibi yake akamwuliza, "Bibi, ulipofiwa na babu, ilikuwaje? Ulibaki wapi? Nani alikulisha?" Hayo ndiyo maswali ambayo katika vikao vya watemi hapakuwa na bibi wa kuyajibu. Mkiyaandika, mtakuwa mmeongeza ukurasa uliokosekana.

Turudi kwenye mkuyu wa Magu. Tulipomaliza kusoma kanuni ya mjane, hatukufunga karatasi. Tulimwambia mzee kwa heshima, "Mzee wetu, uturuhusu tusome na ukurasa wa mahari." Tukasoma. Baraza likanyamaza. Mzee akachukua karatasi, akazigeuza, akazisogeza karibu na macho, akauliza, "Imeandikwa humo humo?" Tukajibu, "Humo humo, mzee." Akasema, "Basi aliyeandika hili hakuwa babu yangu." Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Ndipo kwa mara ya kwanza siku ile mjane akaulizwa mwenyewe anataka nini. Akasimama, akasema maneno machache: hataki ng'ombe, ataka shamba apate kusomesha watoto, na nyumba isiuzwe.

Shauri halikuisha siku ile, wala hatutadanganya kwamba liliisha vizuri lote. Ng'ombe waligawanywa kwa ndugu za marehemu. Lakini shamba na nyumba viliachwa mkononi mwake, na wazee wakatuomba tuliandike neno hilo, pamoja na majina ya waliokuwapo, wanaume na wanawake. Tuliandika nakala mbili. Moja iko kwa mzee, katika mfuko ule ule wa karatasi za mwaka 1963. Ya pili anayo mjane.